Ndege Moja Mpaka Uizoee: Maneno kwa Anayeanza Simuleta za Ndege za Kivita

Hotuba hii niliitoa kwenye mkusanyiko wetu wa watu wa gemu hapa Dar es Salaam. Wengi hamkuweza kufika mkaomba niwawekee yote, basi ndo hii, nimeiandika kama nilivyoisema, picha za ukutani tu ndo nimeziruka.

Jamani habari za mchana. Wale wa kule mlangoni sogeeni, viti huku mbele vipo, na feni iko huku pia.

Naanza na swali. Nani hapa ashawahi kufungua simuleta ya ndege ya kivita, yaani gemu inayoiga urushaji wa ndege ya kweli, kwenye kompyuta yake? Nyoosheni mikono. Sawa, wengi. Swali la pili, na mnijibu ukweli: wangapi mlifungua, mkaona kile chumba cha rubani kimejaa vitufe juu chini kulia kushoto, mkahangaika weee hata injini haijawaka, mkafunga na mpaka leo hamjarudi? Naona mikono ni ileile. Basi mimi nimekuja kwa ajili yenu nyie.

Huu mchezo naupenda kwa moyo wote na inaniuma nikiona mtu anauacha kabla hajaingia, maana pagumu ni pale mwanzoni tu, ukishapita pale kuna raha ambayo sijaiona kwenye gemu nyingine yoyote na gemu nimecheza nyingi. Na ugumu wenyewe asilimia kubwa tunajiletea, kwa sababu mtu anaanza leo na anataka ndege zote, F-16 anaitaka, Hornet anaitaka, helikopta anaitaka, na keshokutwa awe anapigana na watu mtandaoni. Nitalisema hili leo mpaka mnichoke: ndege moja. Chukua ndege moja, kaa nayo, mpaka uizoee.

Lakini kwanza tukiheshimu kitu chenyewe. Kuna watu nyumbani wanawaambia "acha mambo hayo ya kitoto", si ndio? Sasa ngoja niwape hadithi ya mtu anaitwa Edwin Link.

Link alikuwa kijana wa Binghamton, jimbo la New York, baba yake ana kiwanda cha piano na vinanda. Kijana akapenda urubani, ila masomo ya urubani yalikuwa ghali. Sasa vile vinanda vya zamani vinaendeshwa na mifuko ya hewa na pampu, yeye akachukua vitu hivyohivyo vya kiwandani kwao akaunda kijindege cha mbao chenye vibawa vifupi, kimekaa juu ya mifuko ya hewa, ukivuta usukani kinainua pua, ukiulaza pembeni nacho kinalala. Hiyo ni 1929. Jeshi halikujali. Waliokinunua mwanzoni wengi ni wenye viwanja vya burudani, watoto wapande wafurahi. Mnanielewa? Kilianza kama mchezo.

Februari 1934 Rais Roosevelt akavunja mikataba ya kampuni zilizokuwa zinabeba barua kwa ndege, kazi akawapa jeshi. Marubani wa jeshi wakati ule hawakuzoea kuruka usiku na ndani ya mawingu, ambako nje huoni kitu unasoma saa za ndani peke yake, yaani vile vipimo vya ndege vya mbele ya rubani, na ilikuwa baridi kali, wakaanza kuanguka. Ndani ya muda mfupi wakafa zaidi ya kumi. Zaidi ya kumi! Kwa ajili ya barua. Ndo maofisa wakamkumbuka Link, wakamwita wakutane Newark. Siku ya kikao ukungu umeshuka, wale maofisa wakasema huyu leo haji, wakawa wanajiandaa kuondoka, mara wakasikia injini juu, jamaa huyo anatua. Alikuja kwa kusoma saa zake peke yake, kitu kilekile ambacho mashine yake inafundisha. Jeshi likanunua sita, dola 3,500 kila kimoja, na mpaka Vita Kuu ya Pili inakwisha marubani wapatao laki tano walikuwa wamepitia kwenye vile vijindege vya kiwanda cha vinanda.

Kwa hiyo mtu akikuambia simuleta ni mambo ya kitoto, mwambie nenda kasome habari za Link.

Haya. Ndege moja, ipi?

Ukiwa na kompyuta yenye nguvu kiasi, shusha simuleta inaitwa DCS World, ni bure. Ukiishusha unapata ndege mbili bila kulipa hata mia. Moja ni TF-51D, ile Mustang ya Vita Kuu ya Pili ya kufundishia, haina bunduki. Ya pili ni Su-25T ya Kirusi, ndege ya kushambulia vifaru, na hii ina silaha zake kamili. Unapata na ramani ya Caucasus, pwani ya Bahari Nyeusi, Georgia na Urusi ya kusini, na ramani ya visiwa vya Mariana. Vyote bure. Ndege za kulipia zipo, F-16C au Hornet ni kama dola 80 kabla ya punguzo, kama laki mbili za kwetu, na mimi nakuomba usinunue. Usinunue sasa. Hata ukizitamani, ukishusha ile DCS ya kwao wenyewe, sio ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, wanakupa ndege nyingi kuzijaribu siku 14 bure, kwa hiyo hakuna haraka yoyote ya kutoa hela.

Nina ushahidi. Nawafahamu vijana wawili, marafiki, majina nayaacha. Mmoja ana kazi nzuri, punguzo la bei lilipokuja akanunua ndege tano kwa mpigo na jostiki, ile fimbo ya kurushia ndege, ya maana kabisa. Mwenzake ni fundi simu, kompyuta yake ni ya mtumba, jostiki hana, kaunganisha pedi ya PlayStation. Huyu fundi akaanza na Su-25T, ndege ya bure, jioni akifunga kibanda anaruka kutoka Batumi anakwenda Kobuleti anatua, anageuza anarudi Batumi anatua. Kazi yake hiyo tu! Viwanja vyenyewe ni jirani, vyote pwani. Miezi imepita yule wa ndege tano kila ndege anajua kuiwasha kwa kufuata video, kutua hajui hata moja. Fundi wetu anatua Su-25T usiku mvua inanyesha injini moja imeungua. Sasa niambieni, nani rubani hapo?

Na Su-25T si ndege ya majaribio tu ya kuchezea halafu uitupe. Ina kamera inaitwa Shkval, unatafuta kifaru kilomita kadhaa mbele, unakifunga, unarusha kombora la Vikhr, na hilo kombora linafuata mwanga wa leza kwa hiyo lazima uendelee kumuangalia adui na kuituliza ndege mpaka lifike. Ukiyumba, limepotea. Inakufundisha utulivu kwa nguvu. Haiendi kasi, haina rada ya kuwindia ndege nyingine, na mimi kwa anayeanza naona hiyo ni faida, una vitu vichache vya kukuchanganya.

Kwa anayependa zile za propela, TF-51D itakufundisha mguu. Ukisukuma throto, ule mkono wa kuongeza nguvu ya injini, kwa pupa wakati wa kuondoka ndege inakimbilia kushoto, kwa nguvu ya ile propela, na usipokanyaga pedali ya kulia unaishia kwenye nyasi. Sukuma polepole, mguu wa kulia uko tayari, angalia mwisho wa kiwanja usiangalie pua. Siku ukiiondoa imenyooka utapiga kelele mwenyewe chumbani, nawaambia.

Sasa kompyuta dhaifu je? Najua wengi hapa ni laptopu za ofisi na za chuo. DCS inataka RAM GB 16 hiyo ndo ya chini, 32 ni bora, na SSD ni lazima, kwenye diski ya zamani utasubiri misheni ifunguke mpaka usinzie. Na ukubwa wake, ukishaanza kuongeza ramani unapita GB 100 kirahisi, kwa hiyo tafuta bando la usiku au ofisi yenye intaneti ya waya na uombe ruhusa kwa adabu. Kama kompyuta haitoshi usilazimishe. Kuna IL-2 Sturmovik 1946, ya mwaka 2006, inaenda kwenye laptopu ya kawaida kabisa, ina ndege nyingi mno za Vita Kuu ya Pili na mpaka leo kuna watu wanairusha. Bei yake ni ndogo. War Thunder nayo bure na unaweza kurusha kwa mausi, ila mazingira yake ya kawaida ni ya kupigana harakaharaka, ukienda huko nenda kwenye modi ya simuleta ujifunze kweli. Ya mwisho ni IL-2 mpya, ile iliyoanza na vita vya Stalingrad, ambayo mara nyingi Steam wanaishusha bei sana, na kwangu mimi kwa vita vya propela hiyo ndo nzuri kuliko zote, hisia ya bawa inapoachia hewa utaisikia mpaka mkononi.

Jostiki? Ukipata hela kidogo nunua, hata ile Logitech Extreme 3D Pro iliyotumika inatosha, ina msokoto wa kupeleka mkia kulia na kushoto kwa hiyo pedali huhitaji. Thrustmaster nao wana seti za bei ya chini zenye jostiki na throto. Zile za chuma za mamilioni ziacheni kwanza. Ukipata throto na jostiki basi kitu cha maana kuliko vyote ni kuweka vitufe vyako mwenyewe, vichache, na usivibadilishe badilishe, kidole kizoee.

Nimeongea sana habari za vifaa. Twende kwenye kuruka kwenyewe.

Macho. Nasema macho! Mtu anakufa kwenye simuleta anauliza "nimepigwa na nani?" Si ndio inavyokuwa? Hujamuona. Na hata kwenye vita vya kweli, tangu mwanzo, wengi waliopigwa hawakumuona aliyewapiga.

Mwaka 1916 Mjerumani mmoja, Oswald Boelcke, alikaa akaandika kanuni nane za kupigana angani, na fikirieni, ndege za kivita wakati ule ni kitu kipya kabisa. Anasema jitafutie nafasi nzuri kabla hujashambulia, jua likae mgongoni kwako. Ukianza shambulio limalize. Piga ukiwa karibu tu. Usimtoe adui machoni. Miaka mia moja na zaidi imepita na ukiingia kwenye seva za kupigana mtandaoni leo usiku, wanaokuua wanafanya hayohayo. Huyo Boelcke ndo aliyemfundisha Manfred von Richthofen mnayemsikia, yule wa ndege nyekundu.

Sasa wewe umekaa mbele ya kioo kimoja, nyuma utaonaje? Hapa kuna kitu nataka kila mtu akiondoka akifanye. Kuna programu ya bure inaitwa OpenTrack, inatumia kamera ya kawaida ya kompyuta, inafuatilia kichwa chako. Ukigeuza uso kidogo kulia, rubani ndani ya gemu anageuza sana, mpaka unaona mkia wako. Kuna vifaa vya kununua vya kazi hiyo, TrackIR ndo maarufu, ni vizuri, lakini mimi nimeona watu wa kamera ya elfu ishirini wanapigana sawasawa na wenye TrackIR. Ukiniuliza kati ya jostiki mpya na kuweza kugeuza kichwa uanze na lipi nitakujibu kichwa. Bila kufikiria mara mbili. Kama kamera huna basi weka kitufe cha kuangalia kwenye kile kijikofia cha juu ya jostiki au pedi, na ujizoeze: mbele, kushoto, nyuma, kulia, saa zako, mbele tena. Kila wakati. Hata ukiwa peke yako angani. Mwanzoni washa lebo zinazoandika majina ya ndege juu yake, hakuna aibu yoyote, zikusaidie kujua nukta ya kilomita kumi inafananaje, baadaye utazizima mwenyewe.

La pili kwenye kuruka, ni nguvu. Kuna rubani Mmarekani, John Boyd, miaka ya 1950 alikuwa mkufunzi kwenye shule ya wapiganaji kule Nellis, Nevada. Alikuwa anawaambia marubani kaa nyuma yangu, pale pazuri pa kunipigia, ndani ya sekunde 40 nitakuwa mimi niko nyuma yako, ukinishinda nakupa dola 40. Wakamwita Boyd wa Sekunde Arobaini. Halafu hakuridhika kushinda tu, akataka kujua kwa nini anashinda. Miaka ya 1960 akakutana na mtu wa hesabu, Thomas Christie, wakakaa na kompyuta za jeshi wakachora jinsi kila ndege inavyopata na kupoteza nguvu ikikata kona, kwa kila kasi na kila kimo. Ile kazi iliingia kwenye ndege mnazozipenda, F-15 na F-16.

Maana yake kwako nini? Fikiria tenki la maji juu ya mnara nyumbani. Likiwa juu, bomba chini lina presha. Kimo ndo tenki lako. Ukiwa juu una akiba, ukishuka inageuka kasi, ukivuta jostiki mpaka mwisho kukata kona unaimwaga. Anayeanza anafanya nini? Akimuona adui tu anavuta, anavuta, anavuta! Ndege inakata kona mara mbili inakuwa imechoka, kasi imekwisha, inaning'inia hapo angani haiwezi kwenda kokote, na adui aliyekuwa na subira anashuka taratibu anamaliza kazi. Acha kuvuta. Jifunze kona ambayo kasi haipungui, kila ndege ina yake, na ndo maana narudi kwenye lilelile: ndege moja. Ya kwako ujue bila kuangalia saa kwamba sasa imebakiwa na nguvu au haina, uijue kwa mlio wa hewa na kwa kioo kinavyotetemeka.

Mazoezi yake nenda kayafanye leo. Panda mita elfu tatu, kata kona nzima ya mduara bila kupoteza kimo wala kasi. Ukiweza kulia, fanya kushoto. Wengi watadharau. Ukiweza hilo kwenye Su-25T iliyobeba mabomu, njoo nikupe mkono.

Na kutua, jamani. Kutua ni mahesabu yaleyale ya nguvu. Su-25T ije na kilomita kama 270 kwa saa unapokaribia ardhi, magurudumu na flapu nje mapema, ujipange mbali, kule Batumi unakuja kutokea baharini kiwanja kiko mbele yako kizima kizima, ukigusa fungua parachuti ya nyuma. Ukiona umekuja vibaya ongeza nguvu, panda, zunguka, uje tena. Kuzunguka si kushindwa, marubani wa kweli wanazunguka kila siku.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwetu hapa lina hadithi yake kabisa, tena hapo Rufiji.

Mnajua kuwa moja ya kazi za mwanzo za ndege za vita katika Afrika yetu hii zilifanyika hapo delta ya Rufiji? Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza haziwezi kuingia, maji mafupi. Wakaleta meli mbili ambazo tumbo lake halizami sana majini, zenye mizinga mikubwa, Severn na Mersey, lakini kutoka kule zilikokuwa hazimuoni adui, mikoko imeziba, zinapiga gizani. Kwa hiyo ndege zikawa zinaruka kutoka kisiwa cha Mafia, rubani na mtazamaji, mtazamaji anaangalia risasi inaangukia wapi anatuma kwa redio: mbali mno, rudisha, kulia. Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu hawakufanikiwa. Tarehe 11 Julai wakarudi. Rubani anaitwa Cull, mtazamaji anaitwa Arnold. Ndege ikapigwa, injini ikawa inakufa, wanashuka kuelekea mtoni, na Arnold huku wanaanguka bado anatuma marekebisho ya mizinga! Wakatua kwenye maji karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili, na Königsberg siku hiyo ndo ikaisha. Mizinga yake iliyookolewa ilizunguka na Wajerumani kwenye vita vya Afrika Mashariki, mmoja uko pale Fort Jesus Mombasa, ukienda uuangalie.

Sasa mimi nikiisoma habari ya Arnold najiuliza, alituma nini? Hotuba? Alituma herufi chache. Mafupi, yaleyale waliyokubaliana kabla hawajaruka. Ukienda kuruka na wenzako, na nakuomba uende, usikae peke yako miezi yote, kitu cha kwanza ni kukubaliana maneno. Nani yuko mbele, nani yuko ubavuni, ukimuona adui unasema nini. Sema jina la unayemwambia, sema wewe ni nani, sema adui yuko saa ngapi, kwa namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, 12 ni mbele yako na 3 ni kulia, na juu au chini, nyamaza. Kiswahili kinatosha kabisa! "Mbili, moja hapa, adui saa tatu juu." Basi. Hatuhitaji kuiga lafudhi ya mtu. Mtu anapiga kelele "eeh yuko hapo hapo hapo nyuma" ... nyuma ya nani, kaka? Wote wanne wanageuka, wanagongana.

Na kugongana si mzaha. Yule Boelcke niliyemsema, mwalimu wa wote, unajua alikufaje? Oktoba 28, 1916, yeye na mwenzake Erwin Böhme wanaifukuza ndege moja ya Mwingereza, wote wawili wameikazia macho hiyohiyo, bawa la Boelcke likagusana na magurudumu ya Böhme. Ameshaangusha ndege 40, ana miaka 25. Hakuuawa na adui. Kwa hiyo adui mmoja apewe mtu mmoja, mwingine apande juu amlinde mwenzake. Kwenye mikusanyiko yetu ya kuruka hili ndo nalikazania kuliko yote, na wanaoniona mkali waendelee tu kuniona mkali.

Dada mmoja aliniuliza pale nje, hivi huoni vibaya kufurahia vitu vya vita? Ni swali la haki. Mimi najibu hivi, watu hao ninaowataja walikuwa watu, wa kila upande, na mikoko ya Rufiji ina makaburi. Nikiirusha ndege yao kwenye kompyuta nikaona ilivyo ngumu, ilivyo na baridi, ilivyo rahisi kufa kwa kosa dogo, nawaheshimu zaidi. Sijawahi kuona mtu aliyesoma mchezo huu kwa undani akaondoka anaitamani vita.

Kwa hiyo utakufa mara ngapi mwanzoni? Nyingi. Na hapa nawaletea la mwisho. Baada ya Vietnam jeshi la anga la Marekani walikaa wakachambua mapigano yote, wakagundua kwamba rubani akipita misheni kumi za mwanzo akiwa hai, nafasi yake ya kupona inapanda sana. Zile kumi ndo zinaua. Basi wakasema, tuwape hizo kumi nyumbani, kwa mazoezi makali, na maadui wa kujifanya wanaoruka kama adui wa kweli. Ndo ikaanzishwa Red Flag, Novemba 1975, hapohapo Nellis, na mpaka leo ipo.

Nyie mna hizo kumi bure, chumbani. Lakini kufa peke yake hakufundishi kitu, kuna mtu anakufa vilevile mwaka mzima. Kinachofundisha ni kurudi kuangalia. Kuna programu inaitwa Tacview, inachukua rekodi ya mruko wako wote na kukuonyesha kutoka juu, mstari wako na mstari wa aliyekuua, kasi, kimo, kila kitu. Ina toleo la bure na linatosha. Ukifa, usibonyeze kuanza upya kwa hasira. Fungua, rudisha nyuma dakika mbili kabla ya kufa, maana kifo chako hakikuanza pale ulipopigwa, kilianza pale ulipoamua kushuka ukaacha kimo, au ulipokaa dakika nzima hujageuza kichwa. Angalia na mwenzako, abishane na wewe. Zile jioni tunazokaa watu wanne kubishana juu ya kona moja ya mtu mmoja ndo jioni ninazozipenda kuliko hata kuruka kwenyewe.

Mtandaoni mtaingia lini? Ukiweza kuondoka, kwenda, kupiga kitu kimoja, na kurudi kutua bila kuambiwa. Hapo ingia. Seva nyingi ziko Ulaya kwa hiyo kuna ucheleweshaji, kwa mapigano ya karibu karibu utasumbuka kidogo, ila misheni za kushirikiana dhidi ya kompyuta zinakwenda vizuri tu kwa intaneti zetu. Na umeme, jamani, nunueni hata UPS ndogo, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, inauma kukatika umeme uko fainali ya kutua.

Nimemaliza upande wangu. Pale nyuma kuna kompyuta mbili zimewashwa, Su-25T iko mwanzo wa kiwanja pale Batumi injini zinanguruma, moja ina jostiki na nyingine ina pedi, na zote zina OpenTrack kwenye kamera. Kazi ni kuondoka, kuzunguka kiwanja mara moja, na kutua, hakuna kupiga mtu. Tuanze na ambao hawajawahi kabisa, wale wazoefu msimame pembeni mhesabu kimo kwa sauti, na maswali tutaulizana hukohuko huku mtu anaruka. Nani wa kwanza? Wewe mdogo wangu wa fulana ya bluu, njoo.